Nyuzi Alizotumiwa Fundi Salum

Jumatatu, 10 Juni 2024

Kwako Mama, Bi Latifa binti Salum,

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu uzikwe. Kwangu mimi ni ya ishirini na mbili. Kaka Kassim alinificha siku kumi na moja, na mpaka sasa nikihesabu sijui nianzie wapi.

Kila nilipopiga simu aliniambia umelala, au umeingia kuoga, au umetoka kidogo kwa jirani. Siku ya sita nikalalamika, akanitumia sauti yako. "Halima mwanangu, nimekula, nimeshiba, usihangaike na mimi." Nikafurahi. Nikakujibu ule na mapapai, yanalainisha tumbo. Kumbe sauti ile ilikuwa ya mwezi wa Rajabu, na siku hiyo wewe ulikuwa chini ya udongo na mimi nakuhimiza mapapai.

Wazee ndio waliomshauri. Walisema aliye mbali hapewi msiba kwa simu, ataanguka huko na hakuna wa kumshika. Siku ya kumi na moja jirani akanitumia pole, akidhani najua. Sikuanguka. Nilimaliza zamu, nikahesabu foronya, zikatimia.

Daftari hili nimepewa na Wairimu. Ni Mkenya, tunalala chumba kimoja hapa Muaither, Qatar, naye husafisha vyumba katika hoteli ile ile ya Al Sadd ninayofanya mimi kazi ya mashuka. Alisema, "Halima, unaongea peke yako ukipiga pasi. Wageni wataogopa. Andika basi."

Kwa hiyo naandika.

Jumatano, 12 Juni

Joto arobaini na tano. Mashuka mia tatu na kitu. Nimekuota, sikumbuki ulisema nini.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya Arafa. Nimefunga. Na leo, kati ya siku zote, mkebe umefika.

Kassim aliupakia kwa mtu wa kwetu Wete anayeendesha gari hapa Doha. Ni ule mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi, uliokuwa ukiufungia kabatini chini ya kanga zako nzuri. Ndani mna barua tano za Babu, picha yake moja, gauni dogo la kijani, na kamba nyembamba ya katani, ndefu, imekunjwa vizuri. Hiyo kamba siijui. Nilimuuliza Kassim, akasema labda ilifungia mkebe. Mkebe ulifungwa kwa selotepu.

Naandika hapa yale uliyonisimulia, nisije nikayasahau. Ulinisimulia mara moja tu, miaka tisa iliyopita, siku moja kabla sijapanda ndege, ukiwa unanishonea kifungo.

Baba yako, Fundi Salum, alikuwa fundi cherehani Wete. Mwaka 1958 alikuja huku Qatar kushona. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, dada yako Arafa mitano. Kila mwaka kabla ya Idi Bibi aliwapima kwa uzi, kwa sababu tarakimu hakuzijua. Uzi mmoja kwa kila mtoto, wenye mafundo matatu: bega kwa bega, urefu wa mkono, na bega mpaka kifundo cha mguu, kila kipimo kikianzia kwenye ncha ile ile. Uzi wako ulifungwa kitambaa cha buluu, wa Arafa chekundu. Nyuzi zikaja huku na wasafiri, na magauni mawili yakarudi.

Mwaka 1961 Arafa alikufa, homa ya siku nne. Wazee wakasema aliye mbali hapewi msiba kwa karatasi. Maneno yale yale, Mama. Idi ilipokaribia Bibi hakujua la kufanya, maana uzi mmoja ungesema kila kitu. Basi akakusimamisha wewe, akakupima. Kisha akachukua uzi wa pili, akakusimamisha tena, na kila fundo akalisogeza mbele vidole viwili, kwa kuwa Arafa alikuwa mkubwa kwako. Wewe ukaona mchezo, ukacheka, ukapigwa kofi. Ukasimama tena.

Miaka mitatu ulisimama mara mbili. Miaka miwili ya mwanzo yakaja magauni mawili, na la Arafa likafungiwa kwenye kasha. Mwaka wa tatu likaja moja, hili la kijani, na barua ambayo ilikuwa ya mwisho. Nimeisoma leo kwa kidole, herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, polepole. Salamu ndefu, kisha: "Nyuzi mbili nimezipata. Kitambaa cha mwaka huu kimetosha gauni moja." Basi. Bibi hakujibu. Na Babu hakuandika tena.

Ulikata uzi kwa meno, ukaniambia: "Alijua. Na aliyemdanganya si mama, ni mwili wangu. Nimezeeka sina radhi ya baba. Ukifika huko uliza habari zake. Niombee radhi, hata kama ni kaburini."

Nikasema ndiyo, Mama. Kutoka hapa mpaka Wakra, alikokaa, ni metro, si safari. Miaka tisa nimekuwa nikisema mwezi ujao.

Jumatatu, 17 Juni

Arobaini yako. Idi pili, hoteli imejaa, sikupewa ruhusa. Nimekusomea Yasini katikati ya mashine za kufulia. Mvuke ulikuwa mwingi, na mara moja niliinua macho nikaona mtu amesimama kando ya rafu za taulo, mfupi, mabega yamelegea kama yako. Lilikuwa koti la mtu, limetundikwa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda Wakra. Nilishuka metro, nikapanda basi, nikatembea. Jua lilikuwa limekaa kichwani. Barua zinasema tu: "duka la nguo ubavuni mwa msikiti, karibu na pwani." Misikiti ni mingi, na nyumba za zamani zimejengwa upya zikawa za kutazamwa, zina mikahawa ndani.

Niliingia kwa mafundi cherehani watano, wote watu wa Bangladesh na Pakistani. Wanne walidhani nimeleta nguo ya kupunguza. Wa tano, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliitazama picha ya Babu muda mrefu. Kwenye picha Babu ameketi mbele ya cherehani, mkasi mkononi. Yule fundi akaomba na gauni. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo, akaniambia kwa Kiarabu chetu kile cha kazini kwamba huyu alitumia mkono wa kushoto, na alikuwa fundi mzuri, na kitambaa hakikumpungukia. Akanionyesha. Ndani ya pindo Babu aliacha kitambaa cha shibiri nzima, ili gauni lishushwe mtoto akirefuka.

Kitambaa hakikupunguka, Mama. Kwa hiyo alidanganya na yeye. Nimerudi kwa metro kidole kikiwa ndani ya pindo lile.

Jumamosi, 22 Juni

Miguu imevimba. Kassim amepiga mara mbili, sikupokea.

Ijumaa, 28 Juni

Wairimu amewahadithia wenzake wa kanisani habari zangu, nami nilimwambia asimwambie mtu. Lakini kumetokea jambo. Mmoja wao, Winfred, anafanya kazi za ndani Wakra. Anasema mama mzazi wa bosi wake ni shosho, bibi kizee, wa Kiqatari, macho hayaoni vizuri, na akiugua huongea Kiswahili. "Si hiki chetu," Winfred alisema. "Ni kile cha watu wenu, kama mtu anasoma risala." Jina lake Bi Moza. Alikulia pale pale karibu na pwani.

Niliuliza nije lini. Winfred akasema jana wameondoka wote kwenda Salala, Oman, kukimbia joto, na yeye wamemwacha alinde nyumba.

Jumanne, 9 Julai

Bado hawajarudi. Joto arobaini na sita.

Ijumaa, 19 Julai

Bado hawajarudi. Nimesoma barua zote tena. Katika ya pili Babu anauliza, "Arafa bado anaogopa kuku?" Katika ya nne, ya mwaka 1962, hamuulizii Arafa kitu. Anasema tu "wanangu".

Sikuwahi kujua kwamba Arafa aliogopa kuku. Sasa najua kitu kimoja juu yake.

Alhamisi, 25 Julai

Unyevu umeanza. Ukitoka nje miwani inaingia ukungu na nguo inagandama mwilini. Mashuka yanatoka kwenye mashine yamekauka, na kabla sijayakunja yamelowa tena. Msimamizi anasema ni uvivu wangu.

Leo kidole kimegusa sauti yako kwa bahati mbaya. "Nimekula, nimeshiba." Wairimu alikuwa anasuka nywele zake, akaacha. Akauliza, "Ni mama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ana sauti ya mtu anayetabasamu." Sikuwahi kuliona hilo. Nimeisikiliza tena mara nne, na ni kweli.

Jumamosi, 3 Agosti

Bado hawajarudi.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nimepokea simu ya Kassim. Nilikuwa nimekusudia kumsema, lakini yeye alitangulia kulia, na wewe unajua kilio cha Kassim, hakina sauti, mtu anapumua tu.

Alisema, "Mdogo wangu, ile kamba. Ni chenezo cha Mama."

Nilikaa chini. Tangu utotoni najua chenezo ni nini, ila sikuwahi kukiona kwa karibu. Ni kamba anayopimiwa maiti, kichwa mpaka nyayo, wapelekewe wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Kassim ndiye aliyekupima. Alikipeleka makaburini, wakachimba, na ilikuwa akiache huko. Katika kushughulika akakitia mfukoni, akakikuta jioni amesharudi nyumbani. Akaogopa kukitupa. Akaogopa kukaa nacho. Wazee hakuwaambia, wangesema ameita msiba wa pili.

Nikamuuliza kwa nini alinidanganya kwamba kilifungia mkebe. Akasema alishindwa kutaja. Kisha akasema: "Nilikudanganya kwa sauti yake. Nikasema angalau nikutumie kitu chake cha kweli."

Nilimwambia simu yangu inaishiwa chaji, nikakata. Ilikuwa asilimia themanini.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekitoa chenezo nikakinyoosha kitandani. Ulikuwa mfupi hivyo? Kitandani kwangu unaishia mbali na ubao wa miguuni. Mimi nilikukumbuka mrefu, maana nilikuwa nikikutazama toka chini, kisha nikaondoka.

Wairimu alipoelewa ni nini akasogeza kitanda chake mpaka dirishani. "Mimi nimeokoka," alisema, "lakini si kwa kila kitu." Baada ya muda akarudi, akaniambia nikitie ndani ya mfuko safi, kisikae chini. Akanipa mfuko wake wa hariri wa kulazia nywele.

Jumatatu, 19 Agosti

Bado.

Ijumaa, 23 Agosti

Wamerudi. Nimemwona Bi Moza.

Bosi wa Winfred, ambaye ni binti wa Bi Moza, alikubali nikae robo saa, mama asichoke. Chumba kina baridi ya eyakondishan na harufu ya udi. Bi Moza ameketi kwenye godoro la sakafuni, mwembamba, mikono imejaa hina, macho yana wingu. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

Uso wake ukageuka kama umeitwa kutoka chumba kingine. "Marahaba. Nani huyo asemaye lugha ya mama yangu?"

Nikamwambia mimi ni Halima, mtu wa Wete, Pemba. Akauliza wangapi tumebaki huko, kana kwamba ni nyumba moja. Akaniuliza kama nimeolewa, nikasema niliolewa nikaachika, akasema, "Zen, vizuri, angalau umepumzika," na Winfred akaficha kicheko.

Ndipo nikamwambia natafuta habari za fundi cherehani wa zamani, Fundi Salum, ambaye huko kwao aliacha mabinti wawili, Latifa na Arafa. Niliyataja majina polepole.

Kichwa chake kikainama. Nikadhani amelala. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Arafa ni mimi."

Nikamwambia hapana, Bibi, Arafa alikufa mtoto, mwaka 1961. Akarudia, kwa ukali kidogo, "Nakwambia ni mimi." Binti yake akaingia, akanong'ona khalas, basi, amechoka, huchanganya mambo. Nikainuka. Nilipokuwa mlangoni niliangalia nyuma. Bi Moza alikuwa amefumba macho, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vinakata hewani, vinafunguka na kujifunga, kama mtu anayeshika mkasi.

Mkono wa kushoto, Mama. Hakuiona picha. Sikuwa nimemwambia.

Jumamosi, 24 Agosti

Waarabu wa kazini wanasema leo Suheli imeanza kuonekana, ile nyota ya kusini, na kuanzia sasa joto litavunjika. Mimi sioni tofauti. Sikula. Ninawaza kama Babu alioa huku akazaa binti, akampa jina la marehemu. Ninawaza na jambo jingine ambalo haliandikiki. Wairimu anasema wafu hawana kitambulisho cha Qatar, nitulie.

Ijumaa, 30 Agosti

Mama, kaa chini. Haya ni marefu.

Leo Bi Moza alikuwa mzima. Ameoga, amekunywa kahawa, na aliponisikia akasema, "Njoo, mjukuu wa fundi. Juzi nilikutisha." Binti yake mwenyewe aliketi asikilize, na Winfred akakaa mlangoni na bakuli la tende.

Mama yake Bi Moza alikuwa mtu wa Unguja, na baba yake alikufa yeye akiwa mdogo. Waliishi nyuma ya duka la nguo, ubavuni mwa msikiti. Babu alishona mbele ya duka hilo. Mama yake ndiye aliyempikia, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye lugha yake, Babu alimwambia mambo yake yote akiwa anashona, na kitoto Moza kiko pale kinaokota vipande.

Alisema nyuzi zilipofika za mwaka ule wa kwanza baada ya Arafa kufa, Babu alizitandaza mezani, ule mwekundu na ule wa buluu, akazitazama akaacha kula. Mama yake akamuuliza kuna nini. Akasema mke wangu amekosea kupima. Mwaka wa pili zikaja tena, akazitandaza tena, akasema huenda amekosea tena. Mwaka wa tatu hakusema kitu.

"Alijuaje?" niliuliza.

Bi Moza akashika mkono wangu, akaunyoosha kama mtu anayenipima. "Mtoto hakui sawasawa kila mahali. Mwaka huu mikono, mwakani miguu, bega linakuja mwisho. Lakini nyuzi zile, kila fundo limepita lenzake vidole viwili. Vidole viwili begani, vidole viwili mkononi, vidole viwili mguuni. Fundi alimwambia mama yangu: hawa si watoto wawili, huyu ni mmoja amesimama mara mbili."

Kwa hiyo alijua, kama ulivyosema. Miaka miwili akashona magauni mawili akiomba awe amekosea yeye. Mwaka wa tatu akatuma moja, na yale maneno ya kitambaa. Bi Moza anasema ilikuwa ni kumbishia hodi mkewe. Alitaka Bibi aandike kweli. Mama yake Moza alimwambia, andika wewe, sema unajua. Akajibu kwamba neno la kifo cha mtoto ni la mama yake, si lake kumnyang'anya. Akasubiri. Kila msafiri wa kutoka kwetu alimuuliza kama ana barua. Kisha mambo ya Unguja yakaharibika mwaka ule wa 1964, na wasafiri wenyewe wakapungua.

Na Bibi huko Wete ameona gauni moja akajua amejulikana, akaona haya, hakuandika. Naye akasubiri. Wamekufa wote wawili wanasubiriana.

Gauni la uzi mwekundu hakuacha kulishona. Kila Idi alishona, akikisia ukubwa ambao Arafa angekuwa nao, akampa Moza, yatima, liwe sadaka ya mwanawe. Hakumpima hata siku moja. "Mabegani lilinibana kila mwaka," Bi Moza alisema. "Na alipokuwa akinivika aliniita Arafa. Mimi nilikasirika, nina jina langu. Mama akanambia, itika tu, unampunguzia. Nikaitika miaka kumi, mpaka nilipoolewa. Ndiyo maana nimekwambia Arafa ni mimi. Sikuchanganyikiwa." Hapo alimgeukia binti yake, akasema maneno mawili kwa Kiarabu, na binti akaangalia chini.

Sasa likabaki lile moja. Nikamuuliza kama Babu alimkasirikia Latifa, aliyesimama mara mbili. Nikamwambia kwamba umekufa mwezi wa tano ukidhani huna radhi yake.

Bi Moza akacheka, Mama. Kicheko kidogo cha kikohozi.

"Latifa? Yule aliyecheka?"

Sikuwa nimemsimulia kicheko. Wallahi sikuwa nimemsimulia.

Akamtuma Winfred alete mfuko ulio chini ya sanduku lake. Mfuko wa kitambaa, ukubwa wa kiganja. Ndani nyuzi, jozi sita, kila jozi imefungwa pamoja, rangi zimefifia lakini bado unajua ipi ni ipi. Akazipapasa mpaka akapata uzi mmoja mwekundu, akaniwekea kidole changu juu ya fundo la mwisho. Limepinda. Limefungwa mara mbili, moja limekosewa, na la pili limekaa pembeni yake.

"Alikuwa akinishikisha hapa mimi pia," alisema. "Akisema: hapa mtoto alicheka, uzi ukacheza, mama yake ikambidi afunge tena. Alilipenda fundo hili kuliko barua. Mama yangu aliwahi kumuuliza, humchukii huyu mdogo kwa kukufanyia uwongo? Fundi akasema mtoto hana kosa. Mtoto husimama pale anaposimamishwa."

Nimemwomba aseme tena. Akasema tena. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza: mtoto hana kosa, mtoto husimama pale anaposimamishwa.

Robo saa ilikuwa imepita zamani na hakuna aliyeniambia niondoke.

Jumapili, 1 Septemba

Nimefua, nimekunja. Wairimu ameuliza kwa nini naimba.

Jumatano, 4 Septemba

Nimempigia Kassim. Nilimsomea kutoka hapa daftarini, mpaka mwisho. Kisha nikamwambia, "Na wewe, kaka, wazee walikusimamisha." Akaniuliza kama bado ninayo ile sauti. Nikasema ninayo. Akaniomba nimrudishie, kwake imefutika.

Nimemtumia. Nilitaka kuandika kwamba nimesamehe yote, lakini si kweli. Zile siku kumi na moja bado zinauma ninapozigusa. Ila sasa napokea simu yake ikilia mara ya kwanza.

Ijumaa, 6 Septemba

Leo jioni upepo ulikuwa mkavu. Kweli joto limevunjika.

Nilikwenda Wakra na chenezo chako katika mfuko wa Wairimu. Kwanza nilipita makaburini. Babu alikufa Bi Moza akiwa na mtoto wa kwanza, na amezikwa huko, lakini makaburi ya huku hayana majina, ni jiwe na udongo, na wanawake haturuhusiwi kuingia. Nilisimama nje ukutani. Nikasema, Babu, huyu ni Halima wa Latifa, na Latifa ameshakuja huko. Nilijisikia mjinga, kisha sikujisikia.

Kwa Bi Moza tulizitandaza nyuzi zote juu ya godoro. Nilimweleza kile nilichokuja nacho. Nilidhani atashtuka. Alinyoosha mikono, akakipokea, akakipitisha vidoleni kutoka ncha moja mpaka nyingine, polepole, kama anavyofanya mtu mwenye tasbihi. "Huyu hakurefuka sana," alisema. Nikasema hapana, Bibi, hakurefuka.

Tukagawana. Nyuzi nyekundu amebaki nazo yeye, anasema ni zake, ameziitikia miaka kumi, na zitazikwa mfukoni mwao. Ule wenye fundo lililopinda alinishikisha mara ya mwisho kabla ya kuurudisha. Za buluu amenipa. Nimezifunga pamoja na chenezo. Nikipata likizo Desemba nitazileta Wete, na Kassim anajua mahali pa kuzifukia, karibu na kichwa chako.

Fundi Salum alisubiri uzi wa kweli kutoka nyumbani mpaka akafa. Leo umefika, Mama. Umepimwa mara moja, na hakuna aliyeongeza vidole.

Daftari limebaki kurasa mbili, naziacha. Radhi yake nimekuletea. Mkikaa huko pamoja, wewe na Babu na Bibi na yule aliyeogopa kuku, mkawa mnataja watu wenu mmoja mmoja, nami mnikumbuke.

Mwanao,
Halima